Kitufe cha dp 32 hakitoshi

Mkuu, umesema kitufe cha "Lipa" kwenye app yako ya simu umekipa dp 32 (dp ni kipimo cha Android kinachobaki karibu na ukubwa uleule kwenye kila kioo). Hiyo ni ndogo. Mwongozo wa Android unataka dp 48 kwa 48, yaani kama milimita 9 kwenye kioo. Wa Apple unasema pt 44 (pointi, kipimo chao kinachofanana na dp). Kipimo hicho ni cha eneo linalopokea kidole, si cha picha. Aikoni inaweza kubaki dp 24, ukaizungushia nafasi ya dp 12 kila upande. Wengi wanakosea hapo: wanakuza picha, eneo linabaki lilelile.

Kati ya "Lipa" na "Ghairi" acha angalau dp 8. Mimi ningeacha 16, maana mtu amesimama kwenye daladala ya Mbagala, mkono mmoja kashika bomba, anabonyeza kwa dole gumba, gari likipiga shimo anagusa "Ghairi".

WCAG 2.2, mwongozo wa 2023 wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, hata wenye ulemavu, unakubali hata pikseli 24 (za CSS, yaani za kupimia kurasa za tovuti, si za kioo), ila hicho ni kima cha chini kabisa. Na usiandike vipimo kwa pikseli halisi za kioo, tumia dp. La sivyo kitufe kitasinyaa kwenye simu yenye kioo chenye pikseli nyingi.