Barua kwa mwanangu kuhusu Mirihi

Malindi

Mwanangu Athumani,

Waraka wako nimeupata, nami nimeshukuru kusikia kwamba mitihani imekwisha salama. Umeniuliza kama wanadamu waanzishe makazi katika sayari ya Mirihi au wabaki hapa duniani walipoumbiwa. Mimi habari niijuayo zaidi ni ya maji, na neno langu umelisikia tangu utotoni: mji ni kisima.

Tarehe 12 Desemba 1970 nilikuwa na umri wa miaka minane, pale Ngomeni. Kisima kilichokuwa karibu na nyumba ya babu yako kilitoa maji ya chumvi, na kwa kuwa mimi ndiye binti mkubwa, nilitumwa kila siku kwenye kisima cha mbali. Nilikuwa narudi, mtungi kichwani, niliposikia mngurumo kutoka baharini, kwenye majukwaa ya Waitaliano ya kurushia roketi, nikainua uso kuutazama ule moshi unaopaa, na mtungi ukaanguka. Roketi ile ilibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa sababu ilirushwa siku ya kumbukumbu ya uhuru wetu. Ni wewe uliyenieleza, miaka mingi baadaye, kwamba ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei angani, na kwamba iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Siku ile bibi yako alivitazama vigae, akasema mbele ya wageni, "Basi leo tutakunywa moshi," kisha akanirudisha kisimani. Angenipiga ningekwisha kusahau. Wajomba zako waliachwa ufukweni wakishangilia, na mpaka leo wanaisimulia roketi ile kana kwamba wao ndio walioirusha.

Utanijibu kwamba Mirihi ina barafu. Sikatai. Lakini barafu hiyo sharti ichimbwe, iyeyushwe na isafishwe kwa mitambo, na hewa ya huko, ambayo ni nyepesi mno na takriban asilimia 95 yake ni kaboni dioksidi, haivutiki kwa pafu la mwanadamu, kwa hiyo pumzi nayo itakuwa ya kutengenezwa. Mimi nilikwenda mbali kutafuta maji, ni kweli, lakini hewa niliyoivuta njiani hakuna aliyenituma kuichota.

Hata hivyo, nikisema hivyo nawakumbuka wazee wa upande wa bibi yako, waliotoka Takwa, kisiwani Manda, karibu na Lamu. Mji ule ulihamwa yapata mwaka 1700, na inasimuliwa kwamba maji yake yaligeuka chumvi, watu wakavuka kwenda Shela. Wangeng'ang'ania pale, mimi na wewe tusingekuwapo. Basi huenda neno langu linanigeuka: ikiwa mji ni kisima, kisima kikiharibika mji nao huhama. Lakini wao Shela waliiona kwa macho kabla ya kuhama, na aliyejuta aliweza kurudi kwa mashua kabla ya magharibi, na hata vizazi vilivyofuata vimekuwa vikirudi Takwa kuzuru kaburi na kuomba mvua. Kati ya dunia na Mirihi nafasi nzuri ya safari hupatikana mara moja tu katika miezi 26 hivi, na safari yenyewe huchukua miezi kadhaa. Atakayejuta atangoja, akihesabu kila kikombe.

Ulimi unaniwasha kukupa hukumu, na pengine umekwisha kuinusa, lakini nitauzuia, kwa kuwa wewe ndiwe uliyesoma na mimi bado nina kinyongo cha mtungi. Ila utakaponiandikia tena, usinieleze habari za roketi. Nieleze huko Mirihi ni mtoto wa nani atakayetumwa kisimani, na akiangusha mtungi ataambiwa nini.

Akupendaye,
Mama yako