Muulize Mzee wa Mshipi: Rili ya kurushia chambo cha maski

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi mtoto wa Tanga, niko huku Minnesota mwaka wa sita sasa, kuna jamaa kazini kaniambukiza ugonjwa wa kuvua maski pale ziwa Mille Lacs na dawa yake siioni. Msimu uliopita nilikuwa natumia rili (kile kigurudumu cha kukusanyia uzi kwenye fimbo) ndogo ya kuvulia samaki wa besi, ya bei poa tu, narushia vile vyambo vya mabati mawili makubwa na yale masamaki ya mpira, kufika mwezi wa nane rili ikaanza kukoroma, ukizungusha mkono wake unaruka, mwisho ikagoma kabisa. Fimbo ninayo ya futi 9, kwa rili nimetenga dola 350. Dukani wananiambia chukua ya spidi kubwa, jamaa yangu anasema chukua ya taratibu. Nimsikilize nani? Na hizi namba za rili, 300, 400, 500, ni kitu gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole na rili yako, ila usiilaumu sana, umeipakia bodaboda mzigo wa Fuso halafu unashangaa cheni imekatika.

Kwa wasomaji wasiomjua, maski ni samaki wa maji yasiyo na chumvi wa Amerika Kaskazini, mrefu, mdomo kama mzia wa kwetu na meno yake vilevile sio ya kuchezea. Minnesota hauruhusiwi kuondoka naye kama hajafika inchi 54, yaani sentimita 137 hivi, na wengi hata akifika wanamrudisha majini. Wenyewe wanamwita samaki wa mitupo elfu kumi. Jina lenyewe limebakiza silabi moja tu liwe maskini na ukiingia duka la vyambo utaelewa kwa nini.

Sasa hiyo mitupo ndio inayoua rili, sio samaki. Hebu piga hesabu, tuseme kwa siku unarusha mara 400 na kila ukirusha unavuta mita 25, hiyo ni kilomita 10 za uzi umezivuta kwa kiganja! Rili inayovuta robo tatu ya mita kwa mzunguko mmoja utaizungusha zaidi ya mara 13,000 kabla jua halijazama, na samaki labda hujamuona hata mkia. Kwa hiyo watu wakikusifia rili kwamba ina dragi, yaani breki ya uzi, ya kuzuia samaki wa kilo kadhaa, sikiliza tu kwa heshima, wewe uliza gia zake ni za chuma gani na ni nene kiasi gani.

Halafu kuna kitu kimoja wengi wanakosea, wanapima chambo kwenye mizani. Uzito wa kwenye mizani ni habari ya kurusha, na hiyo ni kazi ya fimbo zaidi. Rili inateseka wakati wa kuvuta. Chukua ile samaki ya mpira, Bull Dawg, kubwa kabisa wanayoiita Pounder, ni ratili nzima, karibu nusu kilo, inatisha ukiishika, lakini majini unaivuta na kuiachia, unavuta na kuiachia, rili inakusanya ulegevu wa uzi tu kwa sababu kazi ya kuvuta inafanywa na fimbo. Kile chambo cha mabati mawili ya namba 10, yaani saizi kubwa, kwenye mizani ni chepesi kuliko hiyo kwa mbali sana, ila yale mabati yakianza kuzunguka ni kama unavuta mwavuli uliofunguka ndani ya maji, na hauruhusiwi kupumzika mpaka kifike ubavuni mwa boti. Hicho ndicho kilichokula gia zako, sio yale masamaki ya mpira.

Ndio maana wa dukani na jamaa yako wote wana nusu ya ukweli. Mfano Shimano Tranx 500 ipo ya aina mbili, moja gia yake 4.6 kwa 1, yaani ukizungusha mkono mara moja gurudumu la uzi linazunguka mara 4.6, na nyingine 6.6 kwa 1. Ya kwanza inakusanya kama robo tatu ya mita kwa mzunguko, ya pili inapita mita moja. Ni kama baiskeli tu, gia ndogo unapanda nayo mlima unapiga stori, gia kubwa inakimbia tambarare lakini mlimani magoti yanaomba msamaha. Mabati yanataka ile ya taratibu. Mpira na vyambo vya kushtua shtua vinataka ya haraka, uzi ukilegea uukusanye kabla maski hajakitema, na akikubali halafu akakimbilia boti utajua faida ya spidi. Wanaojiweza wanabeba fimbo tatu, kila moja na rili yake.

Wewe una 350 kwa hiyo tuongee ukweli. Hizo namba ni ukubwa tu, 300 ndogo na 500 kubwa, usizilinganishe kampuni kwa kampuni kwa sababu kila mtu ana rula yake. Mimi ningekuambia chukua saizi ya 400 yenye gia ya kati, ile Tranx 400 ya 5.8 kwa 1 ipo, Daiwa nao wana Lexa 400, zote zinakaa kiganjani na zina mkono mrefu. Mkono mrefu usiupuuze, ndio wenzo wako, na vishikio viwe vinene, mwezi wa kumi huko vidole vimekufa baridi na umevaa glavu. Ya 500 ni nzito, iache mpaka siku umeamua kurusha Pounder kutwa nzima. Na kama mfuko ukigoma, Abu Garcia Ambassadeur 6500 za duara, zile za asili ya Uswidi, zina 5.3 kwa 1, ni za kizamani lakini unazifungua mwenyewe mezani kwa bisibisi, ila usizibebeshe mabati ya namba 10 kila siku.

Uzi weka wa kusuka wa ratili 80, hata 100. Sio kwamba maski ana nguvu hivyo! Siku uzi ukijisokota katikati ya mtupo kama nywele zilizokosa kitana, wa ratili 50 unakatika na chambo cha dola 40 kinaenda zake ziwani unakipungia mkono. Chini yake tanguliza mita chache za nailoni la sivyo uzi wote utateleza kwenye gurudumu utadhani dragi imekufa. Gurudumu lijae vizuri pia, likiwa nusu kila mzunguko unakusanya kidogo na ile spidi uliyolipia huipati. Mbele kabisa, karibu na chambo, funga waya au uzi mnene wa fluorokaboni, yale meno nimeshakuambia.

Na usirushe kwa hasira. Zungusha fimbo taratibu kama unamwagia maua maji, dole gumba lisitoke kwenye uzi, chambo kikikaribia kugusa maji bana.

SWALI: Mzee heshima yako, niko Wisconsin, nina rili mbili za maski nataka moja nimpelekee kaka Mombasa avulie kolekole. Itafaa baharini?

JIBU: Inategemea, dada. Tranx na zingine kadhaa zimetengenezwa zistahimili chumvi, zingine chumvi inazila mwezi mmoja tu, soma kwenye boksi kabla hujafunga begi. Hata hiyo inayostahimili aimwagie maji yasiyo na chumvi kila akirudi, ayamwage taratibu asiipige na mpira wa maji wa kuoshea gari, presha inasukuma chumvi ndani kwenye beringi. Na mpelekee ya taratibu au ya kati, ya haraka baki nayo, kolekole anavuta vibaya mno.