Muziki wa gemu wapewe watu wa kidumbak

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama muziki wa gemu na wa vipindi vya televisheni vyenye mashabiki sugu una nafasi kwenye jukwaa la Zanzibar, na kama unayo, nani aupige. Nafasi ipo. Wa kuupiga ni watu wa kidumbak, ule muziki wa kuchezwa wa vikundi vidogo vya Zanzibar, kabla ya vikundi vikubwa vya taarab na kabla ya kijana yeyote mwenye kompyuta.

Tuuchukue muziki wa gemu ya Super Mario Bros., alioutunga Koji Kondo mwaka 1985. Mashine ya Nintendo ya zama zile ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili za kubeba melodia, moja ya besi, moja ya mvumo uliofanywa ngoma, na ya tano ya vipande vilivyorekodiwa. Besi haikuweza hata kupunguzwa wala kuongezwa sauti. Ama inalia, ama imenyamaza. Mario, mhusika wa gemu, akiruka, mlio wa kuruka unanyang'anya njia moja, na muziki unajibana hapohapo. Sasa tazameni kidumbak: fidla na mwimbaji juu, sanduku la waya mmoja chini, ngoma mbili ndogo ziitwazo vidumbak, cherewa za kutikisa na mkwasa, vijiti vya kugonganisha. Hakuna chombo cha pambo. Akikosekana mmoja, wimbo una tundu. Melodia iliyotungwa isimame kwa sauti chache namna ile haitapungukiwa na kitu ikipewa fidla na sanduku.

Wapo watakaosema huo ni muziki wa watoto. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa thamani yake, na ndio muziki wa kwanza wa gemu kuingia humo.

Kwa upande wa televisheni nauchagua muziki wa Doctor Who, kipindi cha hadithi za kisayansi cha BBC, wa mwaka 1963. Ron Grainer aliuandika, lakini aliyeupa sauti ni Delia Derbyshire, ambaye jina lake halikuonyeshwa kwenye kipindi hadi mwaka 2013. Jambo hilo linaniuma kila ninapousikia. Besi ile yote inayokimbia aliipata kwa kurekodi mlio wa waya mmoja uliopigwa kwa kidole, akaubadilisha kasi ili apate noti nyingine, kisha akakata utepe vipande vipande na kuviunganisha kwa mkono. Waya mmoja! Mpiga sanduku wa mitaa ya Ng'ambo, mjini Zanzibar, anazipata noti zake kwa kuukaza na kuulegeza waya uleule, papo hapo, watu wanacheza. Tena besi hiyo huenda kwa mapigo ya tatu-tatu, na wapiga ngoma wa Unguja hawahitaji kufundishwa mwendo huo.

Najua wasomaji wengi watautaja "Baba Yetu". Nauheshimu sana. Mmarekani Christopher Tin aliutunga kwa gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy, tena kwa Kiswahili. Lakini ile ni Sala ya Bwana, na umejengwa kwa kwaya na okestra. Kwaya ya kanisa la Mkunazini ingeuimba vizuri na kwa haki yake. Humo lugha yetu imeshaingia. Ninachokitaka mimi ni vyombo vyetu.

Wala si jambo geni. Taarab imechukua melodia za Misri na za filamu za Kihindi, na kidumbak nayo huchukua nyimbo za taarab zinazovuma na kuziunganisha moja baada ya nyingine bila kusimama. Basi waunganishe hizi pia: waanze na Mario, fidla peke yake na mkwasa, vidumbak viingie, kisha sanduku lichukue besi ya Derbyshire na mwendo uongezwe. Mwimbaji aandikiwe beti mpya, na ningependa ubeti mmoja umtaje Delia kwa jina.