Kabla Hujamtaja Mwanamieleka Bora wa Kila Jimbo la Marekani

Kila ninapokutana na wapenzi wa mieleka ya kulipwa, hasa wale waliokua wakitazama kanda za WWF, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, katika vibanda vya video, mazungumzo hufika mahali pa kugawana majimbo: Texas apewe nani, Florida apewe nani, na Minnesota, ambayo wengi huisahau, ina nani. Nimeshiriki mabishano hayo kwa miaka mingi na orodha yangu nimeiandika upya zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ningependa kumshauri yeyote anayetaka kuandaa ya kwake aamue jambo moja kabla ya kuandika jina lolote, nalo ni hili: mwanamieleka huhesabiwa kuwa wa jimbo fulani kwa sababu gani?

Ukiliruka swali hilo utakwama mapema. Hulk Hogan alizaliwa Augusta, Georgia, akakulia Tampa, Florida, lakini alipoingia ulingoni ilitangazwa kwamba ametoka Venice Beach, California. Ric Flair alizaliwa Memphis, Tennessee, akalelewa Minnesota na wazazi waliomchukua akiwa mchanga, kisha akajulikana duniani kote kama mtu wa Charlotte, North Carolina. Mtangazaji wa ulingoni ni shahidi asiyefaa kuaminiwa hata kidogo. Undertaker, mzaliwa wa Houston, alitangazwa kuwa ametoka Death Valley, na Nikita Koloff, aliyechukiwa kama Mrusi wakati wa Vita Baridi, alikuwa kijana wa Minneapolis.

Kipimo ninachopendekeza ni kuuliza ni wapi watu walitoa fedha zao mfukoni ili kumtazama. Matokeo ya mieleka ya kulipwa hupangwa kabla ya pambano, kwa hiyo idadi ya mikanda ya ubingwa inaonyesha zaidi jinsi promota alivyomwamini mtu kuliko nani alimshinda nani. Promota anaweza kupanga nani aanguke na nani ainuke, lakini hawezi kumpangia fundi wa magari wa Memphis atoke nyumbani kila Jumatatu usiku akapange foleni ya tiketi.

Kipimo hicho kinafaa kwa sababu ya namna biashara hii ilivyoendeshwa zamani. Mwaka 1948 mapromota walikutana Waterloo, Iowa, wakaunda muungano wa National Wrestling Alliance (NWA), na kuanzia hapo waliheshimiana mipaka: kila mmoja alikuwa na eneo lake, kumbi zake na kipindi chake katika kituo cha televisheni cha mji wake. Wanamieleka walihama kutoka eneo hadi eneo, na mtu aliweza kuwa mfalme Tennessee huku Oregon hawajawahi kulisikia jina lake. Mambo yalibadilika baada ya Vince McMahon kununua kampuni ya baba yake, ndiyo hiyo WWF, mwaka 1982 na kuivusha mipaka hiyo, hadi kufikia onyesho lake kubwa, WrestleMania ya kwanza, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, tarehe 31 Machi 1985. Baada ya hapo maeneo yalikufa moja baada ya jingine.

Tukianza na Tennessee, jibu ni jepesi. Flair na Randy Orton wote wawili walizaliwa huko, lakini hakuna aliyewahi kuishika Memphis kama Jerry Lawler. Mwaka 1982 mchekeshaji Andy Kaufman, nyota wa televisheni ya taifa, alikuja kuwadhihaki watu wa Kusini na kujigamba kwamba ni bingwa wa kupigana na wanawake. Lawler alimtwanga shingo chini, na kwa miaka mingi Wamarekani hawakuwa na uhakika kama lile lilikuwa igizo au la.

Louisiana inaonyesha vizuri zaidi kwa nini cheti cha kuzaliwa hakitoshi. Junkyard Dog, ambaye jina lake halisi lilikuwa Sylvester Ritter, alikuwa mtu wa Wadesboro, North Carolina, na kwa ufundi wa kukaba na kuviringisha hakuwa na lolote la kusimuliwa. Hata hivyo, New Orleans ilikuwa yake. Promota Bill Watts alimfanya mtu mweusi kuwa shujaa mkuu wa eneo zima la Kusini, jambo ambalo wenzake wengi hawakuthubutu, na mwaka 1980 likatungwa tukio ambalo wazee wa huko bado wanalisimulia: kundi la Freebirds lilimpaka dawa ya nywele machoni, ikadaiwa amepofuka na kwamba hawezi kumwona binti yake aliyezaliwa siku hizo. Pambano la kulipiza kisasi lilileta watu kwa maelfu katika uwanja wa Superdome. Anayemwacha Junkyard Dog kwa sababu hakujua mishiko mingi anapima kitu kingine kabisa, na ningemshauri atazame upya kanda za wakati ule akielekeza macho yake kwenye viti vya watazamaji badala ya ulingo.

Jirani yake Mississippi ndiyo inayotuhusu sisi kwa namna ya pekee. James Harris, dereva wa malori aliyezaliwa Senatobia mwaka 1950, alifika Memphis mwaka 1982, na Lawler na wenzake wakambuni upya: wakampaka rangi usoni na kifuani, wakamvua viatu, wakampa mkuki na kinyago, wakamwita Kamala, Jitu la Uganda. Hadithi iliyotangazwa ilikuwa kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin, ambaye miaka 3 tu kabla ya hapo alikuwa ameondolewa madarakani na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Ni igizo la aibu, na sioni sababu ya kulipamba. Aibu hiyo, hata hivyo, ninaiweka kwa mapromota. Harris mwenyewe alikuwa fundi: bila kusema neno moja linaloeleweka, kwa kujipiga tumbo na kukodoa macho tu, aliuza tiketi dhidi ya Hogan, Andre the Giant na baadaye Undertaker, kisha akaja kueleza kwamba malipo yake yalikuwa madogo sana kuliko ya wale aliopambana nao. Kisukari kilimkata miguu yote miwili, akafariki Agosti 2020. Katika orodha yangu Mississippi ni yake, na ninamwandika kwa jina la Harris.

Minnesota inahitaji tahadhari ya aina nyingine. Verne Gagne alikuwa bingwa wa mieleka ya ridhaa ya vyuo vikuu mara 2, mwaka 1948 na 1949, na katika shamba lake aliwafundisha Flair na Iron Sheik katika baridi ambayo inasemekana iliwafukuza wengi. Lakini kampuni ya AWA, iliyoanza mwaka 1960, ilikuwa yake, na bingwa wake kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata alikuwa yeye mwenyewe. Ukikuta mwenye duka ndiye anayejipa zawadi ya mteja bora, punguza alama. Mimi nimempunguzia, na bado anabaki wa kwanza, kwa sababu nusu ya majina makubwa ya miaka ya 1980 yalipitia mikononi mwake. Kanuni hiyohiyo nimeitumia Texas kwa promota Fritz Von Erich, aliyewajenga wanawe katika ukumbi wa Sportatorium wa Dallas, na huko matokeo yalikuwa tofauti. Dallas iliwapenda vijana hao kupita kiasi, na mmoja wao, Kerry, alipomshinda Flair katika uwanja wa Texas Stadium mwezi Mei 1984, miezi michache baada ya kaka yake David kufariki Japani, umati ulilia. Lakini Texas ni kubwa kuliko Dallas. Ninampa Terry Funk wa Amarillo, aliyezaliwa Indiana, bingwa wa NWA kama kaka yake Dory, ambaye aliendelea kupigana hadi uzeeni kwa ukatili ambao vijana waliuogopa.

Kwa Texas hiyohiyo, utaulizwa Steve Austin yuko wapi. Hapa ndipo ninaposhauri kuwa na madaftari mawili. Waliong'ara baada ya maeneo kufa waliuza tiketi kila mahali kwa wakati mmoja, kwa hiyo kipimo changu hakiwafai. Hao wapewe mahali walipokulia. Austin anaongoza daftari la pili la Texas, John Cena wa West Newbury anachukua Massachusetts bila upinzani, Bryan Danielson wa Aberdeen anachukua Washington, na Brock Lesnar, aliyelelewa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa karibu na Webster, anaipatia South Dakota jina ambalo isingelipata kwingine. Florida ya daftari la kwanza nimemwandika Dusty Rhodes, mtoto wa fundi bomba kutoka Austin, na Hogan nimemweka kwenye la pili. Bruno Sammartino, mzaliwa wa Italia aliyeishi Pittsburgh, nimempa New York kwa sababu ya Madison Square Garden, ambako aliutwaa ubingwa mwezi Mei 1963 kwa sekunde 48 na kuushikilia hadi mwaka 1971. Pennsylvania ikabaki na Kurt Angle na medali yake ya dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta. Watu wa Pittsburgh hawatanisamehe.

Majimbo ya mashamba yasikutishe kwa ukimya wake, kwani utajiri wake mwingi ni wa kabla ya enzi ya televisheni. Iowa ina Frank Gotch wa Humboldt, aliyemshinda George Hackenschmidt mjini Chicago mwaka 1908 na tena mwaka 1911. Oklahoma ina Danny Hodge wa Perry, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1956, ambaye chuoni hakuwahi kushindwa na alijulikana kwa kupasua tofaa kwa kiganja. Nebraska, ambako wengi humwandika Gorgeous George kwa kuwa tu alizaliwa huko, ina Joe Stecher wa Dodge, aliyewabana wapinzani kwa miguu hadi wakasalimu amri, na aliyepigana na Ed "Strangler" Lewis mjini Omaha mwaka 1916 kwa takriban saa 5 bila mshindi kupatikana. Wyoming na Alaska nimeziacha wazi.