Cheti cha afya kwa mama lishe: wanapima nini hasa?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nauza wali maharage na chapati huku Buguruni, juzi bwana afya kapita kasema mimi na binti anayenisaidia tukapime afya tupate cheti, halafu kila miezi sita tunarudia. Jirani anasema kuna mtu ukimpa hela anakuletea cheti bila kupima. Na naogopa wasije wakanipima ukimwi. Wanapima nini hasa?

JIBU: Marahaba mama. Bwana afya yuko sahihi. Kikubwa ni choo, maana amiba, minyoo na taifodi vinatoka chooni vinapitia mkononi kwa mpishi mpaka kwenye sahani ya mteja. Mkojo na damu navyo huwa wanachukua, na kama una kikohozi cha wiki mbili sema mapema upimwe makohozi. Choo kiwe cha asubuhi hiyohiyo, saizi ya harage inatosha, kisichanganyike na mkojo, na uwahi maabara kwasababu amiba wakikaa wanakufa na kwenye darubini hawaonekani vizuri.

Cheti cha kununua nakuomba sana usiguse. Mtu anaugua taifodi anapona, homa hana, anakula vizuri tu, kumbe wadudu wamebaki kwenye mfuko wa nyongo wanatoka na choo miezi na miezi. New York alikuwepo mpishi Mary Mallon, mzima kabisa, familia alizopikia zikawa zinaugua, 1907 wakamtenga, 1910 wakamwachia kwa ahadi hatapika tena, 1915 wakamkuta anapika hospitali na watu wameshaugua. Mtu kama huyo anajulikana kwa kupimwa choo tu. Na damu ikisoma taifodi usikimbilie dawa, kipimo hicho cha damu, Widal, kinasoma hata ugonjwa wa zamani, omba choo kioteshwe, yaani maabara wakikuze waone kama wadudu wapo.

Ukimwi toa hofu, VVU haviambukizwi kwa chakula na kwa sheria ya ukimwi ya 2008 kumlazimisha mtu kupima ni kosa, kwahiyo wakikuambia ni lazima una haki ya kukataa.

Mkikutwa na kitu mnapewa dawa, mnarudia kipimo, ndio cheti kinasainiwa. Ila binti akiharisha, hata kama cheti kina wiki moja, asiguse chakula mpaka zipite siku mbili tangu kuharisha kukome, na hizo siku mlipe, usipomlipa ataficha aje kazini hivyohivyo.