Alama za jana hazimlindi mgonjwa wa leo

Wauguzi wadogo zangu, nimewaona tena mkinakili alama za hatari zilizoandikwa na zamu iliyopita bila hata kumtazama mgonjwa. Nawapenda, ndiyo maana nawaambia waziwazi: acheni.

1. Alama ya hatari huchakaa. Chukueni kipimo cha Morse, kinachojumlisha alama za hatari ya mgonjwa kuanguka. Tulimpokea mama mmoja wa ngiri, anatembea mwenyewe, hajawahi kuanguka, ila ana kisukari pia: alama 15 kwa huo ugonjwa wa pili. Sahihi kabisa. Akafanyiwa upasuaji, akarudi wodini na dripu mkononi. Hapo ongeza 20. Miguu imelegea, ongeza 10. Tayari 45, kiwango ambacho wodi nyingi hukihesabu kuwa hatari kubwa. Kwenye faili zamu yetu ikaandika 15, iliyofuata nayo 15. Usiku akabanwa na mkojo. Kamba ya kengele ilikuwa imedondokea nyuma ya kitanda, na kitanda chenyewe kilibaki juu tangu alipobadilishiwa bandeji. Akateremka ameshikilia stendi ya dripu, magurudumu yakateleza, akaanguka nayo. Nyonga ikavunjika. Mtu aliyeingia kwa miguu yake akatoka kwa kiti cha magurudumu, na faili lake bado linasema 15! Hadi leo jambo hili linaniuma. Pimeni upya mgonjwa akitoka upasuaji, akihamishwa wodi, dawa zikibadilika, na kila hali yake inapogeuka.

2. Kipimo cha Braden huenda kinyume: alama zikishuka, hatari ya vidonda vya mgandamizo, vile vya kulala muda mrefu bila kugeuzwa, inapanda. Kuanzia 18 kwenda chini, pangeni ratiba ya kumgeuza.

3. Kosa lililogunduliwa kabla ya kumdhuru mgonjwa nalo liripotiwe. Ukishtukia umeshika ampuli (kichupa cha sindano) ya potasiamu kloraidi, ambayo ikidungwa bila kuzimuliwa inaweza kusimamisha moyo, badala ya maji ya kuchanganyia dawa, usiirudishe kabatini ukanyamaza. Mwenzako wa usiku ataishika hiyohiyo. Bango la "kuwa makini" ni kinga dhaifu. Kuiondoa ampuli hiyo wodini ndiyo kinga, na hospitali nyingi zimefanya hivyo.

4. Rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya hatari za wodi. Uwezekano (1 hadi 5) mara athari (1 hadi 5), mpaka 25, hilo mnalijua. Ila nikikuta alama ileile tangu mwaka jana, na safu ya hatua imeandikwa "inaendelea", najua hakuna aliyekwenda kuangalia. Andikeni jina la mhusika na tarehe ya kukagua tena. Tarehe ikifika msiulizane kwa simu. Kama kihatarishi ni oksijeni kuisha, nendeni mpaka kwenye mtungi wenyewe, muufungue, msome geji.