Mswada wa Riwaya Usioisha

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na huandika riwaya usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Kila nikifika sura ya tano, narudi kurekebisha ya kwanza. Nifanyeje ili nimfikie mchapishaji?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Iache sura ya kwanza ilivyo, hata kama inakukera, kwa sababu mwanzo wa riwaya hauwezi kuhukumiwa kwa haki kabla mwisho wake haujaandikwa. Ukikumbuka la kubadilisha, liandike pembeni mwa ukurasa, mathalani “bibi asife mapema”, kisha usonge mbele. Ukimaliza, uweke mswada kando kwa wiki kadhaa, halafu uusome kwa sauti, hasa mazungumzo, maana sikio humnasa upesi mkulima anayezungumza kama msomaji wa taarifa ya habari.

Kuhusu uchapishaji, fuatilia Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na inayopokea miswada ambayo haijachapishwa, pamoja na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ukiamua kumwendea mchapishaji moja kwa moja, mpelekee muhtasari na sura za mwanzo zilizopigwa chapa vizuri. Tafadhali sana, usitie saini mkataba usiotaja kiwango cha mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo ya kitabu, na muda ambao haki zako zitakuwa mikononi mwake.